Namba na Herufi Katika Sidiria

Haya ni mazungumzo ya fundi cherehani mmoja aliyepitia darasa la kisomo. Aliyatoa mbele ya wanakisomo wenzake hapa Haneti, Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma. Tumeyaandika kama alivyoyasema.

Mbukwenyi, mama zangu, dada zangu na shangazi zangu. Na ninyi kina baba mliokaa kule nyuma karibu na mlango, mbukwenyi. Msitoke. Nimewaona mlivyoanza kutazamana mliposikia mada ya leo. Kaeni. Ninyi ndio mnaotumwa mjini. Ninyi ndio mnaotuletea sidiria isiyotuenea, nasi tunasema asante kwa adabu, halafu tunaifungia sandukuni mpaka panya wanaitoboa.

Leo tunasoma lebo ya sidiria. Ile karatasi ndogo, au kile kitambaa kidogo cheupe kilichoshonewa nyuma, karibu na kulabu. Pana namba pale, na pana herufi. Namba tunazijua. Herufi tunazijua. Sasa kwa nini tunanunua kwa kukisia kwa macho?

Wapo watakaosema haya si mambo ya darasani. Haya, nawauliza. Darasani tulijifunza kusoma mizani ya mnunuzi wa alizeti ili asitupunje. Tulijifunza kupima mbegu na kupima eka. Je, nguo inayobana kifua changu mchana kutwa, jembe mkononi na mtoto mgongoni, hiyo nisiisome?

Nitaanza na habari ya mdogo wangu. Nimemwomba ruhusa, naye amekubali, ila amesema nisimtaje jina. Basi simtaji.

Mdogo wangu alikuwa amejifungua mtoto wa pili. Maziwa yalikuwa mengi, sidiria yake ya zamani imekwisha. Akaenda mnadani. Muuzaji alikuwa ametandika turubai, sidiria zimelundikwa juu yake, mpya zote, zimetoka China. Mdogo wangu siku zote alikuwa akivaa 38. Akatafuta 38, hakuiona. Akaona moja nzuri ya rangi ya maziwa. Akageuza lebo, akasoma mwenyewe: 75B.

Akafurahi. Alijiambia, 75 ni karibu mara mbili ya 38. Hii ni pana, itanifaa mimi ninayenyonyesha. Na muuzaji naye akasema, "Chukua hiyo mama, hiyo kubwa, tena inavutika." Akaivuta mbele yake, kweli ikavutika. Akalipa.

Nyumbani ikamshinda kufunga. Akaifunga hivyo hivyo kwa nguvu, kwenye kulabu za mwisho, kwa kuwa pesa imekwisha kutoka. Akaivaa siku 4. Siku ya tano akaamka anatetemeka kwa baridi. Titi la kushoto upande wa kwapani limekuwa gumu kama jiwe, jekundu, halishikiki. Sisi tukasema malaria. Tukampeleka zahanati, akapimwa, malaria hakuna. Muuguzi akamwambia avue nguo ya juu. Alipovua, sote tuliona alama ya mkanda imemzunguka kifuani kama alama ya kamba kwenye mguu wa mbuzi aliyefungwa usiku kucha.

Muuguzi akatueleza. Ndani ya titi mna vijia vya maziwa. Nguo ikivibana, maziwa hayapiti, yanakaa, titi linavimba na kuuma, na linaweza kupata maambukizi. Akapewa dawa, akaambiwa aimalize yote. Sidiria ile aivue. Na asiache kumnyonyesha mtoto kwa titi lile lile, maana mtoto akinyonya ndiye anayefungua njia. Sisi tulikuwa tumekwisha kumwambia aache. Baada ya siku chache akapona.

Sasa nataka mwone kosa lilikuwa wapi. Mdogo wangu anajua kusoma. 75 aliisoma sawasawa. Kitu ambacho hakuuliza ni hiki: 75 ya nini?

Mtu akikwambia shamba lake ni 4, utamwuliza, 4 nini? Eka au hekta? Akikwambia ameuza karanga 10, utamwuliza, debe au gunia? Na namba ya sidiria ni hivyo hivyo. Ile 38 aliyoizoea ni ya hesabu ya inchi. Ile 75 ni ya sentimeta. Na 75 ya sentimeta si kubwa kuliko 38. Ni ndogo. Ni sawa na 34. Mdogo wangu alikuwa amenunua nguo ya mtu mwembamba kuliko yeye, akadhani ameongeza nafasi.

Haya, tupime. Hii hapa ni futikamba, wengine huita tepu. Upande mmoja imeandikwa inchi, mwisho wake 60. Igeuze upande wa pili, ni sentimeta, mwisho wake 150. Inchi 1 ni sentimeta mbili na nusu na kidogo. Usichanganye pande.

Vipimo ni viwili tu.

Cha kwanza ni cha mbavuni. Zungusha futikamba chini ya matiti, pale mkanda wa sidiria unapokaa. Iwe imelala sawa mbele na nyuma, isipande mgongoni. Peke yako huwezi kuuona mgongo wako, kwa hiyo mwite mwenzako. Toa pumzi taratibu. Futikamba iguse mwili vizuri, lakini isikate nyama. Andika.

Cha pili ni cha juu ya matiti, pale palipojaa zaidi. Hapa usikaze hata kidogo. Futikamba iguse tu. Kama matiti yameshuka, vaa sidiria yako ya zamani laini, isiyo na sponji, ndipo upime juu yake. Usipime juu ya kitenge kilichokunjwa. Utapima kitenge. Andika.

Mimi mwenyewe nina inchi 30 mbavuni na inchi 36 juu. Tufanye hesabu yangu kwanza.

Kwa desturi ya zamani ya Waingereza, ambayo lebo nyingi bado zinaifuata, kipimo cha mbavuni kinaongezwa. Kikiwa namba shufwa, kama 30 au 32, ongeza 4. Kikiwa namba witiri, kama 31 au 33, ongeza 5. Mimi 30, naongeza 4, napata 34. Hiyo ndiyo namba yangu.

Sasa herufi. Chukua kipimo cha juu, toa ile namba uliyoipata. 36 toa 34, zinabaki 2. Ikibaki 1 ni A. Zikibaki 2 ni B. Zikibaki 3 ni C. Zikibaki 4 ni D. Mimi zimebaki 2, basi ni B. Saizi yangu ni 34B. Umeona? Ni kujumlisha na kutoa tu, hesabu tulizozifanya mwaka wa kwanza wa kisomo.

Twende kwa mwingine. Mama huyu hapa mbele ana inchi 36 mbavuni na 43 juu. 36 ongeza 4 ni 40. 43 toa 40, zinabaki 3. Herufi C. Saizi yake ni 40C. Na mdogo wangu? Kabla ya kujifungua alikuwa na 33 mbavuni na 40 juu. 33 ni witiri, tunaongeza 5, inakuwa 38. 40 toa 38 ni 2. Alikuwa 38B. Maziwa yalipoingia juu palizidi, huenda akafika C au D. Mbavu zake zilikuwa zile zile.

Kwa wanaotumia sentimeta, na hao ni nchi nyingi za Ulaya, na China pia, hakuna kuongeza. Kipimo cha mbavuni kinawekwa kwenye namba iliyo karibu nacho katika mstari huu: 70, 75, 80, 85, 90, 95. Mimi inchi zangu 30 ni sentimeta 76. Iliyo karibu ni 75. Kwa hiyo mimi niliye 34B kwa Mwingereza, kwa wengine hao ni 75B. Mwili ni ule ule.

Andikeni mstari huu kwenye daftari, kisha muukate mkauweke kwenye pochi:

32 ni 70. 34 ni 75. 36 ni 80. 38 ni 85. 40 ni 90. 42 ni 95.

Kila ukipanda inchi 2, upande wa pili unapanda sentimeta 5. Ukijua mmoja tu, kwa mfano 34 ni 75, hiyo mingine unaitafuta mwenyewe hata kama karatasi imepotea. Sidiria nyingi za China zinaandikwa zote mbili pamoja, 34/75, halafu herufi pembeni. Ukiipata ya namna hiyo, umepata kamusi yako. Mdogo wangu angekuwa na mstari huu siku ile, angetafuta 85.

Mtego mwingine uko kwa Wafaransa na Wahispania. Hao huchukua ile ya sentimeta wakaongeza 15. Mimi niliye 75B, kwao ni 90B. Sasa fikirini. Kwenye lebo moja 90 ni ya mama yule wa 40, kwenye lebo nyingine 90 ni yangu mimi wa 34. Utajuaje? Tazama herufi ndogo kando ya namba. UK ni Uingereza. US ni Marekani. EU au EUR ni Ulaya. FR au F ni Ufaransa. Kama ni 90 tu, haina jina la nchi wala namba ya pili, usiiamini mpaka uipime. Jinsi ya kuipima nakuja.

Nirudi kwenye herufi, maana hapa ndipo watu wanapopotea, hata waliosoma sana. Wengi wanadhani D ni mwanamke mwenye matiti makubwa na A ni mwenye madogo, basi. Sivyo. Herufi peke yake haisemi kitu. Herufi ni kama neno nusu. Nusu ya kibaba si sawa na nusu ya gunia. Herufi inaonyesha titi limezidi kiasi gani kutoka kwenye mkanda wake. Kikombe cha D katika mkanda wa 32 kinabeba sawa na C katika 34, sawa na B katika 36, sawa na A katika 38. Mmeshangaa. Fanyeni hesabu nyumbani.

Jambo hili lina faida yake mnadani. Kama umepata sidiria inayokufaa vikombe lakini mkanda unabana, panda namba moja na ushuke herufi moja. Kutoka 34C uende 36B. Kama mkanda unapwaya, fanya kinyume, kutoka 36B uende 34C. Wengi wanaobanwa na mkanda hupanda namba tu, 34C wakaenda 36C. Hapo mkanda umelegea, na kikombe nacho kimekuwa kikubwa, kinakunjamana chini ya gauni.

Baada ya D nchi hazipatani. Uingereza wanasema DD, kisha E. Marekani wanasema DD, kisha DDD. Sitaki kuwachosha na hilo. Mwenye kufika huko ajue tu kuwa lazima ajaribu kuivaa.

Herufi hizi si za zamani sana, jamani. Bibi zetu hapa Ugogo walifunga kaniki, kazi zikaenda. Huko Marekani, mwaka 1914, mwanamke aitwaye Mary Phelps Jacob alipewa na serikali yake hati ya kumiliki ubunifu wa sidiria. Ya kwanza aliitengeneza kwa leso mbili za mkononi na utepe. Haikuwa na namba wala herufi. Mwaka 1932 kampuni moja ya huko, S. H. Camp, ndiyo iliyoanza kutumia herufi A, B, C na D. Kampuni ya Warner ikafuata mwaka 1937. Tazama, ni watu tu waliokaa kiwandani wakapatana. Na kwa kuwa ni watu, kila kiwanda kina mkono wake. 36 ya kiwanda hiki inaweza kubana kuliko 36 ya kiwanda kile. Hata mimi ninayeshona najua. Wape mafundi wawili kipimo kimoja, utapata magauni mawili.

Tena lipo jambo jingine. Ile desturi ya kuongeza inchi 4, siku hizi mafundi wengi wa Uingereza wameiacha. Wanasema mkanda wa leo una lastiki inayovutika sana, kwa nini tuongeze? Wanachukua kipimo cha mbavuni kama kilivyo. Kwa hiyo mwenye inchi 34 mbavuni, huyu atamwambia avae 38, yule atamwambia avae 34. Na wote ni mafundi. Ndiyo maana nawaambia kuwa lebo inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Mnadani huna chumba cha kujaribia. Kwa hiyo pima sidiria yenyewe.

Fanya hivi. Chukua kamba ya katani, ile isiyovutika. Usichukue uzi wa kufumia. Zungusha mbavuni, funga fundo pale inapokutana. Hiyo ni kamba yako. Mwenye rula ya mtoto wa shule anaweza kuilaza kamba juu ya rula akapata inchi zake bila futikamba. Ukifika mnadani, shika sidiria, hesabu kulabu zake. Nyuma kuna safu 2 au 3. Shika ile safu ya mwisho kabisa, inayolegeza zaidi. Vuta mkanda kwa kiasi, si kwa hasira, uulinganishe na kamba. Ikiwa mkanda unalifikia fundo na bado unao uwezo wa kuvutika kidogo, huo ni wako. Ikiwa mpaka uuvute kwa nguvu zote ndipo ufike, acha. Ikiwa umelifikia fundo bila kuvutwa kabisa, nao acha, utapanda mgongoni wiki ya pili. Muuzaji akisema "inavutika", mwambie kila kamba inavutika hadi inakatika.

Kwa nini safu ya mwisho? Kwa sababu lastiki inachoka. Sidiria mpya uianzie kwenye kulabu za nje, zinazolegeza. Ikizeeka, unasogea ndani. Ukiianzia ndani, baada ya miezi michache huna pa kusogea.

Ukishafika nyumbani, ivae uitazame. Mkanda ulale sawa kuzunguka. Vidole viwili vipite chini yake. Kile kipande cha katikati kiguse kifua. Titi lisimwagike juu wala kwapani. Kama ina waya, waya uzunguke titi chini, usikae juu ya titi lenyewe. Halafu inua mikono miwili juu kama unayejitwika ndoo. Mkanda ukipanda nao juu, umelegea. Inama kama unayepalilia mtama. Matiti yakitoka kwenye vikombe, vikombe ni vidogo.

Na tazameni mabega yenu. Wengi humu ndani mna mifereji miwili mabegani, mimi nimeiona mkija kupimwa magauni. Mnasema ni ndoo za maji. Ndoo inakaa kichwani, dada. Mfereji huo umechimbwa na mikanda ya sidiria. Mkanda wa mbavuni ukilegea, haubebi kitu, na mzigo wote unahamia mabegani. Ndipo mtu anakaza mikanda ya bega, inamkata, anakaza tena, shingo inauma, kichwa kinauma. Kazi kubwa ya kubeba ni ya mkanda wa mbavuni. Ya mabega ni ya kusaidia tu.

Sasa mitumba. Najua mtaniuliza, ndiyo maana nalisema mwenyewe. Gauni la mtumba, sweta la mtumba, sina ugomvi nalo. Nguo za ndani za mitumba zimekatazwa. Mwaka 2009 Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lilitangaza marufuku ya nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, sidiria zikiwemo. Walisema zinaweza kuleta magonjwa ya ngozi, kama fangasi na miwasho. Biashara haikuisha kwa siku moja, mnajua wenyewe. Zipo zinazopenya, na wapo wanaosema, "Za mtumba ni imara kuliko za China." Mimi kama fundi nawajibu kwa jambo jingine, mbali na ugonjwa. Sidiria iliyovaliwa lastiki yake imekwisha kuchoka kwenye mwili wa mtu mwingine. Lebo inasema 36, lakini ile 36 ilikuwa kweli siku ilipotoka dukani. Leo ni 38 au zaidi. Na ukiivuta inarudi polepole kama mtu aliyechoka. Namba hiyo imekwisha kuwa uongo, hata ungejua kuisoma vipi.

Na hiyo mpya uitunze. Jua letu la Dodoma linaua lastiki. Fua kwa mkono, kwa sabuni ya kawaida, usitie dawa ya kung'arisha nguo. Usiisokote kama gunia lililolowa, ikamue kwa kuibonyeza. Anika kivulini, ndani ya nyumba hata. Najua wengi mnaificha chini ya kanga ili wapita njia wasiione. Safari hii aibu imesaidia.

Mwenye mimba na anayenyonyesha, kwenu vipimo havikai. Mimba ikikua, kifua kinapanuka na matiti yanajaa. Maziwa yakiingia siku za kwanza baada ya kujifungua, yanajaa zaidi, kisha yanatulia. Msinunue ya bei kubwa wakati huo. Tafuta laini, isiyo na waya, mkanda mpana, kulabu safu nyingi. Pimeni tena baada ya wiki kadhaa. Na msiilalie inayobana. Usiku kitambaa laini kinatosha, au usivae kitu. Hakuna sheria inayosema mwanamke lazima avae sidiria. Kama huitaki, titi halitaoza. Kuna maneno mtaani kwamba sidiria inaleta saratani ya matiti. Watafiti wa Marekani walilichunguza hilo, wakatoa majibu mwaka 2014, hawakuona uhusiano wowote. Na wale wanaoacha kunyonyesha mapema ati matiti yataanguka, wanamwonea mtoto bure. Yanayoshusha matiti ni mimba zenyewe na umri.

Lakini siku ya kupima, kwa kuwa mkono uko pale pale, papasa. Ukikuta uvimbe ambao hukuujua, au ngozi imejikunja kama ganda la chungwa, au chuchu inatoa damu au imeingia ndani ghafla, hiyo si kazi ya fundi cherehani. Nenda zahanati, waeleze, watakuelekeza hospitali. Usinisubiri mimi wala usingoje mavuno. Uvimbe mwingi si saratani, lakini anayejua ni yule mwenye vipimo vya hospitali.

Kina baba, nawageukia ninyi. Mkienda mjini, au mkimwagiza kijana kwa simu, msiseme "nunua kubwa kiasi". Andikeni ujumbe mfupi hivi: "38B au 85B, mpya, isiyo na waya." Maneno machache tu. Mwambieni na muuzaji kwamba isipotosha itarudishwa, mkubaliane kabla hamjalipa. Na usimwambie muuzaji, "Mke wangu yuko kama huyu mama aliyesimama hapa." Mzee mmoja alifanya hivyo, na yule mama aliyesimama pale alikuwa shemeji yangu. Nusura mnada uvunjike.

Mtu asione haya kubadilika namba. Mwaka mbaya wa njaa unapungua, mwaka mzuri wa mtama unaongezeka, ukizeeka mwili unashuka. Mimi najipima mara moja kwa mwaka baada ya mavuno, naandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu la kisomo. Miaka 6 sasa. Nimewahi kuwa 32, nimewahi kuwa 36, leo ni 34.

Basi, muda umekwenda. Futikamba iko hapa, kamba za katani nimezikata, ziko kwenye kikapu, kila mmoja achukue yake. Kina baba, sasa ndiyo mtoke, na mfunge mlango, ila kabla hamjatoka nakilini ule mstari wa 32 ni 70 ubaoni. Mwalimu, naomba madirisha yafungwe. Wawili wawili, mmoja anapima, mwenzake anaandika, kisha mnabadilishana. Shangazi, wewe ndiye mkubwa wetu humu ndani. Njoo tuanze na wewe.